Sensa inasema Dar imepunguza kasi ya kukua. Mbona maji hayatoshi?

Swali: Mhandisi, shikamoo. Ninaishi Goba, na kama majirani zangu wengi siwezi kukaa bila simtanki. Kila tunapozungumzia uhaba wa maji, jibu ni moja: watu wameongezeka. Lakini nimesoma matokeo ya Sensa ya 2022, nikaona Dar es Salaam ilikua kwa asilimia 2.1 tu kwa mwaka, chini ya wastani wa nchi wa asilimia 3.2. Mitambo ya kusafisha maji ya Mto Ruvu nayo ilikwishapanuliwa. Je, ongezeko la watu ndilo sababu kweli, au ni kisingizio? Na mtu anakadiriaje mahitaji ya maji ya jiji kutokana na idadi ya watu?

Jibu: Marahaba. Umeisoma sensa vizuri, na asilimia 2.1 uliyoiona ni sahihi. Tatizo ni kwamba namba hiyo inaishia kwenye mpaka wa mkoa, na mabomba hayaishii hapo. Bomba linalotoka mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, linapita Kibaha kabla ya kufika kwenye matenki ya Kimara. Linalotoka Ruvu Chini, Bagamoyo, linapita vitongoji vyote vya barabara ya Bagamoyo kabla ya kupanda matenki ya Chuo Kikuu. Anayehamia Kibaha anachota chanzo kilekile unachochota wewe, na anakichota kabla yako.

Kwa hiyo chukua Dar es Salaam na Pwani kwa pamoja, kisha urudie hesabu. Mwaka 2012 Dar ilikuwa na watu 4,364,541 na Pwani 1,098,668. Mwaka 2022 Dar ilihesabiwa watu 5,383,728, na Pwani 2,024,947. Pwani iliongezeka kwa asilimia 84 ndani ya miaka kumi, sawa na zaidi ya asilimia 6 kila mwaka. Dar iliongeza watu milioni moja na kidogo, Pwani ikaongeza zaidi ya laki tisa. Ukijumlisha, eneo zima lilitoka watu milioni 5.46 hadi milioni 7.41: ongezeko la karibu asilimia 36, au asilimia 3 kwa mwaka. Kwa kasi ya asilimia 2.1 idadi ya watu hujirudufu baada ya miaka 33 hivi, lakini kwa asilimia 3 inachukua miaka 23. Tofauti hiyo ya miaka kumi ni umri wa mradi mzima wa maji, kuanzia upembuzi yakinifu hadi bomba kuzikwa.

Hapa niongeze tahadhari moja. Si Pwani yote inayokunywa maji ya Ruvu. Mafia ni kisiwa, Rufiji na Kibiti wana vyanzo vyao, na sehemu kubwa ya Chalinze hutegemea Mto Wami. Hata hivyo maeneo ambayo jiji linamwagikia, yaani Kibaha, Bagamoyo, Kisarawe na Mkuranga, ndiko viwanja vilikonunuliwa kwa wingi na ndiko viwanda vipya vilikojengwa. Kwa hiyo picha kubwa inabaki ileile.

Hata ndani ya Dar yenyewe wastani wa 2.1 unaficha mengi. Kwa mipaka ya sasa, Kinondoni ilitoka watu 929,681 mwaka 2012 hadi 982,328 mwaka 2022, ongezeko la chini ya asilimia 6 kwa muongo mzima. Kigamboni ilitoka 162,932 hadi 317,902, karibu mara mbili. Ilala, yenye Chanika na Kivule ndani yake, iliongezeka kwa asilimia 35. Watu wanatoka katikati na kwenda pembezoni: daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, barabara ya Morogoro ikapanuliwa kutoka Kimara hadi Kibaha, na bei ya kiwanja inashuka kadiri unavyosogea mbali na posta. Matenki na mabomba makubwa yalijengwa kufuata jiji la zamani, na watu sasa wako kwenye jiji jipya.

Sasa tuje kwenye lita, maana kichwa cha mtu peke yake hakinywi mita za ujazo. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 iliweka kwa vijijini kiwango cha chini cha lita 25 kwa mtu kwa siku, kutoka kwenye gati, yaani bomba la kuchotea la umma, lisilozidi mita 400 toka nyumbani. Lita 25 ni dumu moja na robo: kunywa, kupika, kuoga kwa uangalifu. Mtu mwenye bomba uani hutumia mara mbili au tatu ya hapo. Mwenye bomba ndani, choo cha kuvuta, bafu la mvua na mashine ya kufulia anaweza kupita lita 120 bila kuona amefuja chochote.

Fikiria familia ya watu watano iliyokuwa imepanga vyumba viwili Tandale, kwenye nyumba yenye bomba moja la uani wanalogawana wapangaji wote. Imejinyima, imejenga Madale, imehamia kwake. Tandale na Madale zote ziko Kinondoni, kwa hiyo kwenye jedwali la sensa la wilaya familia hiyo haijaongeza hata mtu mmoja. Kwenye kitabu cha mhandisi wa maji imeongeza lita mia tatu au mia nne kwa siku, kwenye mtaa wa mlimani ambao miaka kumi iliyopita ulikuwa mashamba. Zidisha familia hiyo mara elfu kumi. Mahitaji haya nayajali sana, kwa sababu ni haki ya watu waliovumilia foleni ya madumu maisha yao yote. Mpango wa maji unaozidisha idadi ya watu kwa kiwango kilekile cha lita mwaka baada ya mwaka unachukulia kwamba maskini watabaki maskini milele.

Kaya nazo zinazidi kuwa ndogo. Kitaifa, wastani wa watu katika kaya ulishuka kutoka 4.7 mwaka 2012 hadi 4.3 mwaka 2022. Inaonekana ndogo, lakini kwa kila watu milioni moja ni tofauti kati ya kaya kama 213,000 na kaya kama 233,000. Hizo ni kaya 20,000 za ziada za kuunganishiwa maji, kila moja na jiko lake, choo chake, sakafu ya kudekiwa na viungio vyake vya bomba vinavyoweza kuvuja. Kuna matumizi ambayo hayagawanyiki kwa idadi ya watu: kupiga deki nyumba ya watu watatu kunatumia maji karibu sawa na nyumba ya watu sita.

Halafu yako matumizi yasiyo ya nyumbani, ambayo hufuata watu kwa kuchelewa kidogo. Mtaa ukijaa, baada ya miaka michache linakuja soko, shule, zahanati, sehemu za kuoshea magari, kiwanda cha matofali. Kuna pia wanaolala Kibaha na kushinda Kariakoo, ambao wanahitaji maji sehemu zote mbili. Sensa huwahesabu mahali walipolala.

Linganisha hayo na uzalishaji. Kabla ya upanuzi, Ruvu Chini ilikuwa inazalisha lita milioni 182 kwa siku na Ruvu Juu milioni 82. Baada ya upanuzi, kufikia 2017, uwezo wake ukawa milioni 270 na milioni 196, jumla milioni 466. Hiyo ilikuwa kazi kubwa na inastahili heshima. Gawanya lita milioni 466 kwa watu wa Dar peke yao wa mwaka 2022: unapata kama lita 87 kwa mtu. Gawanya kwa Dar na Pwani pamoja: lita 63. Ukweli uko katikati ya namba hizo mbili. Na hapo bado hatujatoa maji yanayopotea njiani, wala hatujapeleka hata ndoo moja kiwandani, hotelini au hospitalini.

Upotevu unahitaji aya yake. Kwenye mamlaka kubwa za maji za nchi yetu, ya jijini mwako ikiwemo, kwa miaka mingi zaidi ya theluthi ya maji yanayosafishwa hayafiki kwenye bili: mengine yanavuja, mengine yanaibwa, mengine yanapita kwenye mita zilizochoka. Ukiondoa theluthi, zile lita 87 zinakuwa 58, na zile 63 zinakuwa 42. Ongezeko la watu pembezoni linakuza upotevu huo, kwa sababu viwanja vikubwa vilivyotawanyika vinadai mabomba marefu kwa wateja wachache, na mara nyingi wananchi hujivutia wenyewe mipira membamba kutoka mbali, inayopita juu ya ardhi na kukanyagwa na magari. Kupunguza upotevu kutoka theluthi hadi moja ya tano kungerudisha zaidi ya lita milioni 60 kwa siku kutoka kwenye zile 466, bila kugusa mto. Mimi ningeanza hapo kabla ya mradi mwingine wowote. Kazi hii haina jiwe la msingi wala utepe wa kukata, na nadhani ndiyo sababu bajeti yake huwa nyembamba.

Sasa kuhusu Goba. Watu wengi wanadhani maji yakipungua kwa asilimia kumi, kila mtu atapata asilimia kumi pungufu. Haiwi hivyo. Maji yanapopita kwenye bomba hupoteza presha kwa msuguano, na msuguano huo hukua karibu kwa mraba wa kiasi kinachopita. Ukiongeza mtiririko kwa asilimia 36 katika bomba lenye kipenyo kilekile, sawasawa na ongezeko la watu tuliloliona, presha inayopotea njiani inaongezeka kwa kati ya asilimia 75 na 85. Wa mabondeni na wa karibu na bomba kuu hawatagundua chochote. Wa vilimani, wa Goba, Makabe, Madale na baadhi ya mitaa ya Kimara, ndio wanaoona bomba likikoroma hewa mchana, kwa sababu kila mita kumi za kupanda zinahitaji presha ya takriban baa moja, na presha hiyo imekwisha kuliwa chini. Usiku, wa chini wakifunga koki, presha inapanda na wewe unapata. Ndiyo maana maji yako yanakuja usiku wa manane.

Simtanki nazo, ambazo kila nyumba inazo na ni akili ya kujihami, huongeza tatizo kwa namna yake. Mtandao wa maji husanifiwa kwa kukisia kwamba watu hawafungui koki zote kwa wakati mmoja. Siku ya kilele, yaani ya matumizi makubwa kuliko zote, huwekewa nyongeza ya robo hivi juu ya wastani, na saa ya kilele inaweza kufika mara mbili ya wastani au zaidi. Mgao unavunja ukisiaji huo. Maji yakirudi baada ya siku mbili, maelfu ya matenki matupu yanafunguliwa kwa saa hiyohiyo, wengine wakiwa wamefunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili wavute zaidi. Mwenye pampu anajaza, jirani anavuta hewa, na bomba lililokuwa tupu linaweza kunyonya maji machafu ya ardhini kupitia nyufa. Kwa kipindupindu tulichokwishakiona jijini, hilo si jambo dogo. Pampu ikae baada ya tenki la chini, kamwe isikae kwenye bomba la mamlaka. Waambie na majirani.

Kuhusu mto wenyewe. Ruvu huanzia milima ya Uluguru, na mwaka ukiwa wa kawaida kina chake hushuka zaidi Oktoba na Novemba kabla ya vuli kukolea. Watu wanaongezeka kila mwaka, ila kina cha chini cha mto hakiongezeki, na ukataji miti na kilimo cha mabondeni huko juu huweza kukipunguza. Mwishoni mwa 2022 tuliliona: mvua za vuli zilichelewa, uzalishaji wa Ruvu ukashuka kutoka lita milioni 466 hadi karibu milioni 300 kwa siku, na ratiba ya mgao ikatangazwa jiji zima. Mitambo ilikuwa mizima, ila hapakuwa na maji ya kutosha mtoni ya kuisukumia. Visima virefu vya Kigamboni, vilivyozinduliwa Novemba mwaka huo vikiwa na uwezo wa lita milioni 70 kwa siku, vilisaidia, na mwezi huohuo mkataba wa bwawa la Kidunda mkoani Morogoro ukasainiwa, baada ya wazo lake kuzungumzwa kwa miongo kadhaa.

Kidunda limesanifiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 190. Kwa hesabu ya harakaharaka, bila kutoa mvuke wala maji ambayo lazima yaachiwe mto, hiyo inalingana na siku 400 hivi za uzalishaji wa lita milioni 466. Endapo kasi ya 2012 hadi 2022 itaendelea, eneo la Dar na Pwani litakuwa na watu wapatao milioni kumi ifikapo 2032, na mahitaji yakikua sambamba na watu peke yao, hifadhi ileile itatosha siku 300. Bwawa linahitajika sana, nami naliunga mkono kwa moyo wote. Ila saa ya bwawa nayo inaanza kuhesabu siku linapojaa. Na tukumbuke kwamba Morogoro mjini nao wanakua, nao hutegemea bwawa la Mindu kwenye Mto Ngerengere, ambao ni tawi la Ruvu. Mgawanyo wa maji hayo uko mikononi mwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na kila kibali inachotoa kwa mkulima au kiwanda huko juu ni sehemu ya hesabu ya Goba.

Hali hii haiko kwetu tu. Kati ya 2009 na 2019 Nairobi ilitoka watu milioni 3.1 hadi milioni 4.4, sawa na asilimia 40, lakini jirani yake Kiambu ilikua kwa asilimia 49, kutoka milioni 1.6 hadi milioni 2.4. Majengo ya kupangisha ya Ruaka na Ruiru ni Pwani yao. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika katikati ya miaka ya 1990, lilijengewa Nairobi iliyokuwa na chini ya nusu ya watu wa leo.

Je, watu wakiongezeka ni lazima matumizi yaongezeke? Hapana, na mfano ninaoupenda ni New York. Mwishoni mwa miaka ya 1970 jiji hilo lilitumia zaidi ya lita bilioni 5.5 kwa siku likiwa na watu kama milioni 7. Mwaka 2020 lilikuwa na watu milioni 8.8 na lilitumia chini ya lita bilioni 4. Lilifunga mita, likaziba mivujo, na katikati ya miaka ya 1990 likagharamia kubadilishwa kwa vyoo zaidi ya milioni moja vilivyokuwa vikila maji. Lakini tusikimbilie kulinganisha. Wao walishuka kutoka kwenye matumizi makubwa mno. Mtu wa Chanika anayeishi kwa lita 40 hana cha kupunguza, na mahitaji yake ya kweli hayaonekani kwenye bili kwa sababu maji hayapo ya kumuuzia. Akipata bomba, ataongeza, na anastahili. Cha kupunguza kwetu kiko kwenye mabomba yanayovuja.

Uliuliza namna ya kukadiria. Anza na watu wa eneo lote linalohudumiwa na chanzo kimoja, kata kwa kata, usichukue wastani wa mkoa. Wasogeze mbele kwa kasi ya kila kata: zidisha idadi yao kwa moja jumlisha kasi hiyo (kwa asilimia 3 ni 1.03), ukirudia mara nyingi kadiri ya miaka unayotazama. Wagawe kwa aina ya huduma wanayopata sasa na watakayokuwa nayo mwisho wa kipindi, gati, bomba la uani au bomba la ndani, kila kundi na lita zake. Ongeza matumizi ya taasisi, biashara na viwanda, ukiangalia ramani za maeneo yaliyotengwa. Jumla hiyo igawe kwa sehemu ya maji inayofika kweli: ikiwa theluthi inapotea, gawanya kwa 0.67, na utaona jinsi upotevu unavyopandisha mahitaji kwa nusu nzima. Mwisho zidisha kwa nyongeza ya siku ya kilele, kisha ulinganishe na kiasi cha maji ya mto cha mwaka mkavu, si cha mwaka mzuri.

Kwa hiyo ongezeko la watu ni sababu ya kweli. Sikubali tu litumike kama mshangao. Hakuna jambo la mipango miji linalotabirika kuliko hili: sensa hufanyika, vibali vya ujenzi hutolewa, viwanja hupimwa na kuuzwa, na yote hayo hutangulia familia kuhamia kwa miaka kadhaa. Mkutano wa mtaa wenu ukikaa na maofisa wa maji, acheni kuuliza mgao utaisha lini. Ulizeni Goba inahudumiwa na tenki gani na lina ujazo wa lita ngapi. Presha iliyopimwa kwenye nyumba ya juu kabisa ya mtaa ni kiasi gani saa moja asubuhi. Kama kanda yenu ina mita yake kubwa ya kupimia maji yanayoingia ili upotevu wenu ujulikane. Na bomba linalopanda kwenu lilisanifiwa kwa kaya ngapi, dhidi ya kaya mlizonazo sasa. Afisa mtendaji ana orodha ya kaya. Nendeni nayo.